Gari la umeme la zamani halikufa kwa ubovu wa betri peke yake

Salamu zenu nyote, walimu, mafundi wenzangu, na nyie vijana mnaosoma umeme wa magari. Hii ndo hotuba niliyoitoa siku ile ukumbini, mliokaa nyuma mlisema spika zilikuwa zinakatakata kwaiyo nimeiandika kama nilivoiongea, na pale nilipopita haraka kwa ajili ya muda nimeongeza maneno kidogo.

Naanza na hesabu. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitoa magari 4,192, nchi nzima, mwaka mzima. Kati ya hayo 1,681 yalikuwa yanakwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na ya petroli yalikuwa 936 tu. Petroli ilikuwa ya mwisho. Nikiwaambia watu mtaani kwamba gari la umeme lilishakuwa linauzwa kabla Ford hajatoa gari lake la petroli la Model T wanabisha, wanajua limeanza juzi na Tesla na Wachina, na hilo linaniuma kwa sababu nyie ndo mnaenda kuifanya hii kazi, na mtu akidhani mambo yameanza juzi atayarudia makosa ambayo watu walishayafanya zaidi ya miaka mia moja iliyopita na walishayalipia.

Jambo langu leo ni moja. Siku zote tunaambiwa gari la umeme la zamani lilikufa kwa sababu betri ilikuwa mbovu na petroli ilikuwa bora, basi, habari imeisha. Mimi nasema hiyo ni nusu ya habari. Betri ilikuwa nzito na safari yake fupi, hilo halina ubishi, ila pale alipopatikana wa kuubeba mzigo wa betri badala ya mwenye gari, yale magari yalipiga kazi miaka na miaka. Na pale mzigo ulipoachiwa mwenye gari peke yake, au uliposhikwa na watu waliokuwa na haraka ya kuuza hisa, ndo yakaanguka.

Mota yenyewe ni ya zamani sana. Kule Vermont, Marekani, kulikuwa na mhunzi anaitwa Thomas Davenport, mhunzi kabisa wa kufua chuma, miaka ya 1830 akatengeneza mota ya umeme na mwaka 1837 akapewa hataza yake, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi. Mskoti Robert Davidson wa Aberdeen mwaka 1842 akatembeza kichwa cha treni cha umeme kwenye reli. Ila betri zao zilikuwa za kutumia ukatupa, zinki inaliwa ndani mpaka inaisha, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe kwaiyo hakuna mfanyabiashara aliyeiona faida. Mpaka mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alipochukua karatasi mbili za risasi, ile metali nzito na laini, akazikunja pamoja akaziweka kwenye asidi, akazipitishia umeme, akakuta zinautunza, akautoa, akachaji tena. Hiyo ndo betri ya kwanza ya kuchajika, na hizi pleti za risasi mnazozifungua karakana kila wiki ni ukoo uleule. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine Camille Faure akaja na wazo la kupaka rojo la oksaidi ya risasi juu ya pleti badala ya kusubiri wiki na wiki pleti ijitengeneze kwa kuchajiwa na kuachiwa, na hapo betri ikaanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi.

Mwaka huohuo wa 1881 Gustave Trouvé akaendesha baiskeli ya magurudumu matatu yenye mota ya umeme kwenye mitaa ya Paris. Nawaomba muukumbuke huo mwaka, maana gari la Karl Benz la petroli lilipewa hataza mwaka 1886, miaka 5 baadaye. Baada ya Trouvé wakaja wengi: London maprofesa Ayrton na Perry mwaka 1882 na chombo chao kilichokuwa na taa za umeme, Thomas Parker pale Wolverhampton mwaka 1884, Andreas Flocken wa Coburg Ujerumani mwaka 1888, na Marekani William Morrison wa Des Moines, Iowa, ambaye gari lake lilioneshwa kwenye maonesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Nawapita haraka hao sio kwa dharau, ila kila mmoja ukimsoma utakuta alikuwa anapambana na kitu kilekile: uzito wa risasi.

Sasa mtu anaweza kujiuliza kwanini watu wa wakati ule walilipenda gari la umeme. Ndugu zangu, ungeliona gari la petroli la mwaka 1898 ungeelewa. Kuliwasha unashuka, unaenda mbele, unashika hendeli unaizungusha kwa nguvu zako zote, na kama umesahau kurudisha nyuma taiming, yaani muda wa cheche kupiga, injini inapiga kinyume na ile hendeli inakuvunja mkono, watu walivunjika kweli, mikono na taya. Ukishawasha kuna gia za kusagana, kuna moshi, kuna harufu, kuna mtikisiko wa mwili mzima, na likizima katikati ya barabara unashuka unaanza upya. La mvuke nalo asubuhi ya baridi lilikuwa linataka hata dakika 45 mpaka maji yapate presha, na njiani linakunywa maji kila baada ya muda. La umeme unapanda, unakaa, unasukuma wenzo, linaondoka. Hakuna klachi, hakuna gia, hakuna moshi. Hata leo ukimpa mtu ambaye hajawahi kuendesha kitu chochote atalimudu siku hiyohiyo.

Na msidhani lilikuwa la kutambaa. Hapa nitakaa kidogo maana sehemu hii naipenda.

Tarehe 18 Desemba 1898, kwenye barabara nyoofu pale Achères karibu na Paris, Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat aliendesha gari la umeme la Jeantaud kwa spidi ya kilomita 63 na pointi kwa saa, na hiyo ndo rekodi ya kwanza rasmi ya spidi ya gari duniani. Rekodi ya kwanza kabisa, na ni ya umeme. Mbelgiji mmoja mwenye ndevu nyekundu, Camille Jenatzy, akasikia, akamwita uwanjani. Januari 1899 wakakutana palepale, Jenatzy akapiga 66, siku hiyohiyo mwenzake akajibu kwa 70, siku kumi baadaye Jenatzy akarudi akapiga 80, Machi yule Mfaransa akafika 92. Miezi michache tu, watu wawili, barabara moja, na wote wanatumia betri.

Jenatzy akaenda kuunda gari la makusudi, akaliita La Jamais Contente, yaani asiyeridhika kamwe. Bodi yake ilikuwa ya aloi nyepesi ya alumini, umbo la torpedo, mbele kumechongoka na nyuma kumechongoka ili likate upepo, ila dereva mwenyewe amekaa juu wazi kifua chote kinapigwa upepo, utadhani amepanda ngamia. Nyuma lilikuwa na mota mbili zinazozungusha magurudumu moja kwa moja bila gia. Kila mota inavuta ampea 124 kwenye volti 200. Haya pigeni hesabu wenyewe hapohapo mlipokaa, volti mara ampea, mnapata wati 24,800, karibu kilowati 25 kwa kila mota, mbili zinakuwa 50. Hiyo ni mwaka 1899! Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Jenatzy akafika kilomita 105.88 kwa saa, gari la kwanza la barabarani kuvuka 100. Treni zilishavuka, ila gari bado. Rekodi yake ilidumu mpaka Aprili 1902 ilipovunjwa na gari la mvuke la Léon Serpollet kule Nice, na gari la petroli lilikuja kuishika rekodi Agosti mwaka huohuo. Gari lenyewe bado lipo, liko makumbusho ya Compiègne Ufaransa.

Kuna jambo moja nataka liandikwe kwa sababu tuna ndugu zetu Wakongo hapa. Magari mengi ya wakati huo, ya umeme, ya petroli, na baiskeli kabla yake, yalitembea juu ya tairi za mpira, na miaka hiyo ya 1890 mpira ulikuwa unatafutwa dunia nzima. Kongo ilikuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, na watu wa Kongo walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mwitu, vijiji vikapangiwa kiasi, ambao hawakufikisha walipigwa, wake zao wakashikwa mateka, watu wakakatwa mikono, wakauawa kwa wingi usioelezeka. Sisemi tairi za Jenatzy zilitoka Kongo. Nasema ukiisoma historia ya gari la mwaka 1899 ukaishia kwenye spidi, umeacha nje watu waliolipa. Na leo kobalti, madini ya kutengenezea betri, inachimbwa Kolwezi, hukohuko Kongo, kwaiyo swali la nani analipa halijafungwa.

Turudi kwenye biashara, maana spidi ni sifa tu, kitu cha kuangalia ni teksi.

Philadelphia kulikuwa na watu wawili, Henry Morris mhandisi wa mitambo na Pedro Salom mkemia. Mwaka 1894 walitoa gari linaitwa Electrobat. La kwanza lilikuwa zito kama karibu tani mbili, betri peke yake kama kilo 700, mzigo mtupu. Ila wakalipunguza, wakalitengeneza upya, na mwaka 1897 wakaingia New York na kikosi cha teksi za umeme kama dazani moja hivi. Na hawa jamaa walikuwa na akili, sikilizeni, hawakumuuzia mtu gari. Gari ni lao, betri ni yao, dereva ameajiriwa, karakana ni yao. Abiria ananunua safari tu. Kwaiyo betri ikifa haimfii mtu maskini aliyekopa, inamfia mwenye karakana ambaye ana fundi na ana vipuri.

Kituo chao kikubwa cha baadaye kilikuwa barabara ya Broadway, hapohapo New York, jengo ambalo zamani lilikuwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Teksi inaingia, inasogezwa mpaka ikae sawasawa mbele ya meza, mitambo ya haidroliki inaishika isicheze, trei nzima ya betri yenye uzito wa zaidi ya nusu tani inavutwa kutoka tumboni mwa gari, kreni ya juu inaipeleka chumba cha kuchajia, trei iliyojaa inasukumwa ndani, teksi inaondoka. Dakika chache tu. Kule chumbani kuna mafundi wanapima kila seli, wanaongeza maji, wanatoa pleti iliyopinda. Nyie mnaoona vituo vya kubadilisha betri za pikipiki leo mkadhani ni uvumbuzi mpya, huo mpango ulikuwa unafanya kazi New York kabla ya mwaka 1900.

London nako mwaka huohuo wa 1897, Agosti, kijana Walter Bersey alitoa teksi zake za umeme, rangi nyeusi na njano, zikiwa na mvumo fulani mpaka watu wakazipa jina la ndege mdogo mvumaji. Nazo zilibadilishiwa betri kituoni. Ila zilikuwa na uzito wa kama tani mbili, mtikisiko ukaharibu betri, tairi zikawa zinaisha upesi, gharama zikapanda, mwaka 1899 zikaondolewa barabarani.

New York ilipata bahati mbaya ya aina nyingine. Mafanikio ya zile teksi yalivuta matajiri. Kampuni ikanunuliwa, ikaitwa Electric Vehicle Company, wakaingia wakubwa wa tramu na fedha, wakatangaza watajaza teksi za umeme kwenye miji mikubwa yote, maelfu kwa maelfu, wakaanza kuuza hisa. Magazeti yakawabatiza jina la genge la teksi za risasi. Kilichotokea fundi yeyote angekitabiri: walifungua miji mipya kabla ya kupata mafundi. Betri ya risasi haina huruma, mkiichaji kupita kiasi pleti zinamwaga rojo, mkiiacha tupu usiku kucha inaota salfeti, ganda gumu juu ya pleti, mkisahau maji inaungua. New York walikuwa na watu wanaojua, miji mingine walichukua mtu yeyote, betri zikafa kwa miezi. Halafu ikazuka kashfa ya fedha kwenye magazeti, imani ikaisha, na mwaka 1907 kampuni ikafilisika.

Na hapa kuna kitu ambacho kila nikikifikiria nasikitika. Hiyohiyo kampuni ya umeme ndo ilikuwa imeshika hataza ya George Selden, mwanasheria wa Rochester aliyedai kuwa yeye ndo mvumbuzi wa gari la petroli, hataza ya mwaka 1895. Kwaiyo mwishoni ilikuwa inakusanya ada kutoka kwa watengenezaji wa magari ya petroli, na ikamfikisha Henry Ford mahakamani mwaka 1903. Ford akapigana mpaka 1911 akashinda rufaa. Nguvu ambayo ingekwenda kwenye vituo vya betri na kufundisha mafundi ilikwenda kwa mawakili.

Wakati huo Thomas Edison alikuwa maabara anahangaika. Aliona kabisa ugonjwa ni risasi, akatafuta betri ya nikeli na chuma inayotumia alkali badala ya asidi. Alianza karibu mwaka 1899, akaitoa sokoni miaka michache baadaye kwa matangazo makubwa, seli zikaanza kuvuja na kupoteza nguvu, mwaka 1904 akaisimamisha kuuza. Akarudi mezani miaka mitano mingine. Mwaka 1909 akatoa iliyokamilika na ilikuwa kitu cha uhakika kweli, haijali kuachwa tupu, haijali mitikisiko, inaishi miaka mingi sana. Ila ilikuwa ghali, na kwenye baridi kali ilikuwa inalegea. Na ilikuwa imechelewa. Mwaka 1914 Ford na Edison walitangaza kwenye magazeti kuwa watatoa gari la umeme la bei nafuu, wakatengeneza la majaribio, halikuwahi kufika dukani.

Magari ya watu binafsi nayo yalikuwa na zama zake. Cleveland kulikuwa na kampuni ya Baker. Detroit kulikuwa na kampuni ya Anderson, waliokuwa wanatengeneza mikokoteni ya farasi wakaanza kutoa Detroit Electric mwaka 1907. Hilo lilikuwa kama chumba cha wageni kinachotembea: vioo pande zote, mapazia, viti vya kutazamana, chombo cha maua ukutani, hakuna usukani wa duara bali fimbo ya kusukuma na kuvuta. Likichajiwa usiku wakatangaza linakwenda kama kilomita 130, spidi kama 30 hivi kwa saa, kwa mjini inatosha kabisa. Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, alikuwa anaendesha Detroit Electric la mwaka 1914 wakati kiwanda cha mumewe kinatema Model T. Sababu ni ileile ya hendeli. Ila watangazaji walikosea mahali, waliona wanawake wa mjini wanalipenda wakaligeuza kwenye matangazo yote kuwa gari la kina mama, na wanaume wa zama zile ndo walikuwa wanashika hela, wakaanza kuona haya kulinunua. Sifa halisi ya gari, kwamba ni safi na halisumbui, ikageuzwa kuwa aibu yake. Mimi hilo naliona ni kosa kubwa la kibiashara kuliko hata bei.

Bei nayo haina utani. Mwaka 1912 gari dogo la umeme lilikuwa dola 1,750 na la petroli dola 650. Model T ilitoka Oktoba 1908, mwaka 1913 Ford akaanza kuunda magari kwa mstari unaotembea, bei ikashuka sana mpaka dola 260 mwaka 1925. Mafuta nayo, tarehe 10 Januari 1901 kisima cha Spindletop karibu na Beaumont, Texas, kililipuka kikarusha mafuta hewani siku kadhaa, na tangu hapo petroli Marekani ikawa nyingi na rahisi. Halafu Charles Kettering akatengeneza stata ya umeme, Cadillac wakaifunga kwenye magari yao ya mwaka 1912. Inasimuliwa kwamba mkuu wa Cadillac, Henry Leland, alimwomba baada ya rafiki yake kupigwa na hendeli akafa. Angalieni ilivyo: mota ndogo ya umeme na betri ya risasi ndo viliondoa shida ya hendeli kwenye gari la petroli, na hapo gari la umeme likapoteza faida yake kubwa kuliko zote.

Na vijijini? Petroli unaweza kuibeba kwenye debe mpaka duka la mwisho la njia. Umeme hauwekwi kwenye debe. Mpaka katikati ya miaka ya 1930 nyumba za wakulima wa Marekani zenye umeme zilikuwa kama moja katika kumi. Hata mjini, mitaa mingi ilikuwa na umeme wa AC, unaokwenda na kurudi, na betri inataka DC, unaokwenda upande mmoja tu, kwaiyo mwenye gari alihitaji nyumbani rektifaya ya zebaki, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC, lile balbu kubwa la kioo linalowaka rangi ya samawati, sio kila mtu aliweza. Wazee wetu hapa wanakumbuka betri ya redio na TV inafungwa nyuma ya baiskeli kupelekwa mjini kuchajiwa, siku nzima imeisha. Sasa fikiria mzigo wa nusu tani.

Ndo maana nataka mwijue Hartford. Ukiondoka na kitu kimoja leo ondoka na hiki.

Hartford ni mji wa Connecticut. Kampuni ya umeme ya pale, Hartford Electric Light Company, mwaka 1910 ilianza mpango na malori ya umeme ya kampuni ya General Vehicle. Mwenye biashara, muuza maziwa au muuza mkate au mtu wa mizigo, ananunua lori bila betri. Betri ni ya kampuni ya umeme. Kila mwezi analipa ada ya huduma, na juu yake analipa kwa kila maili aliyotembea. Betri ikiisha anaingia kituoni anabadilishiwa. Betri ikizeeka sio tatizo lake, ikiharibika sio tatizo lake. Na kampuni ya umeme yenyewe ilikuwa na sababu ya kuitunza ile betri kwa uangalifu kwa sababu ni mali yake, halafu inaichaji usiku wakati mitambo yake imekaa bure. Mpango ule ulidumu mpaka mwaka 1924 na magari yale yalitembea jumla ya maili zaidi ya milioni 6, ambazo ni zaidi ya kilomita milioni 9. Teknolojia ni ileile waliyosema ni mbovu, miaka ileile ambayo Model T inafagia barabara. Kilichobadilika ni nani amebeba betri.

Baada ya kusema hayo kijana mmoja aliuliza swali zuri sana: kama ilikuwa inafanya kazi hivo kwanini ilikoma? Nilimjibu kifupi, hapa najibu vizuri. Kwanza, kampuni nyingi za umeme hazikuiga. Zilikuwa zinapata faida ya kutosha kwenye taa na viwanda, zikaona magari ni usumbufu, kwaiyo lori la Hartford likitoka nje ya mji halina pa kubadilishia. Pili, vita vya kwanza vya dunia. Majeshi yalihitaji lori linalokwenda popote hata pasipo na waya, yakanunua ya petroli kwa maelfu, vijana wakafundishwa kuyaendesha na kuyatengeneza, na vita vilipoisha malori mengi na mafundi wake wakarudi uraiani. Tatu, mtu wa biashara hataki magari mawili, moja la mjini na moja la safari, atachukua lile linaloweza yote hata kama kwa mjini ni ghali zaidi kulitunza.

Mwingine, binti wa mwaka wa pili, aliuliza kuhusu pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi, betri ni ya nani. Kwenye mpango wa kubadilishana betri kituoni, betri inabaki ya kampuni, dereva ana pikipiki, akiishiwa anaingia kituoni anaacha tupu anachukua iliyojaa na analipia umeme alioutumia. Ni mkataba wa Hartford kabisa, umevaa nguo nyingine. Na matatizo yake yatakuwa yaleyale: vituo viwe vingi kiasi gani, betri ya kampuni hii iingie kituo cha kampuni ile au isiingie, nani anapima afya ya kila seli, na kampuni ikifunga milango dereva mwenye pikipiki isiyo na betri anafanya nini.

Kwaiyo wale wa mwaka wa pili kazi yenu ya wiki mbili ni hii. Kila kikundi kichague kituo kimoja cha kuchaji au kubadilisha betri, cha pikipiki, bajaji au hata cha betri za sola, muulize kwa adabu mambo manne: betri ni ya nani, anayeitunza amefundishwa na nani, umeme wananunua kwa bei gani na saa ngapi wanachaji, na betri ikifa gharama inaangukia kwa nani. Mje nayo karakana imeandikwa, tutaiweka mezani pembeni ya hesabu za Hartford.